Sala Yenye Kuku Ndani

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mkono wangu ulivunjwa na jogoo. Sikuanguka kwa uzee, kama wifi yangu Dorika alivyotangaza. Jogoo huyo tulimwita Diwani, kwa sababu hapa mtaani kwetu Ushirombo hapakuwa na jiko ambalo hakuwahi kulitembelea bila kualikwa. Nilikuwa barazani nafuma, nikamwona anaingia jikoni kwangu kifua mbele. Nikamkimbilia na ndala moja mkononi, ile ya mguuni ikateleza. Diwani alitoka na kipande cha ugali, mimi nikatoka na mkono wa kulia uliovunjika. Hospitali wakanifunga plasta kutoka kiwiko hadi vidoleni. Daktari, kijana mpole kabisa, akanikataza kushika kitu kizito.

"Sindano ya kufumia ni kitu kizito?" nikamuuliza.

"Mama, kwako wewe hiyo ndiyo nzito kuliko zote," akasema. Nikalia pale pale mbele ya wagonjwa wenye shida zao za maana.

Nililia kwa sababu send-off ya mwanangu Loveness, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa imekaribia, na shuka lake lilikuwa bado halijaanzwa. Kwetu binti haondoki nyumbani bila shuka la kufuma kwa mkono wa mama yake. Bibi alimfumia mama, mama akanifumia mimi, na langu ninalo mpaka leo. Linafumwa vipandevipande kisha linaunganishwa, na katika kila kipande kuna ua moja linalojikunja kwa upande, lina pozi la mtu aliyeegemea mlango. Ua hilo halipo kwa fundi yeyote asiyepitia baraza yetu. Friji na makochi mtu hununua dukani. Loveness alikuwa anaolewa Geita, kwa watu nisiowajua, na mimi nilitaka akijifunika huko ajue bado ana kwao. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani, na jogoo akaja kuniharibia.

Zamani nisingehangaika. Baraza yangu ilikuwa inajaa kila jioni. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja na uzi wao, wakakaa karibu nami, wakaangalia mikono yangu, na mtu akikosea nilimwambia neno moja tu: fumua. Akafumua. Akianza upya akakosea tena, fumua. Wapo waliolia. Wapo waliofumua sweta la mtoto mpaka mtoto akaanza shule. Lakini aliyeondoka kwangu anajua kufuma, aliondoka anajua.

Kisha Dorika akaanzisha kundi la WhatsApp.

Dorika ni dada wa marehemu mume wangu. Anaishi Bugarama, mumewe ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na kelele za karasha zimemfanya Dorika azungumze kwa sauti ya juu hata kwenye maandishi. Kundi lake aliliita WAFUMAJI ORIJINO KANDA YA ZIWA, kwa herufi kubwa zote. Akaunga watu wa Shinyanga, Kahama, Geita, mpaka na mtu mmoja wa Kigoma ambaye hajulikani aliingiaje. Wanafunzi wangu wakahamia humo mmoja mmoja. Viti vya baraza vikabaki vyangu na kuku.

Na mimi nikaingia, nione wanachofundishana. Asubuhi ilikuwa maua na "amkeni na baraka". Adhuhuri mtu anauza chai ya kupunguza tumbo. Jioni mtu anatuma picha ya ng'ombe mgonjwa, anaomba radhi, amekosea kundi, lakini kwa kuwa mmeshaiona, je kuna anayejua dawa? Katikati ya hayo yote mtu anatuma kitambaa cha meza kilichopinda kama njia ya mbuzi, na watu hamsini wanamjibu: hongera mpenzi, mikono ya dhahabu, nifundishe na mimi. Mikono ya dhahabu! Nikaandika neno langu moja: fumua. Dorika akanitoa kwenye kundi kwa lugha isiyo na staha.

Kwa hiyo aliponipigia simu baada ya kusikia habari za plasta, nilipokea kwa kununa.

"Wifi, nakurudisha kundini," akapayuka. "Tupe mchoro wa lile shuka. Kila mtu afume kipande kimoja, tunakuja kuunganisha hapo kwako kabla ya send-off. Loveness ni wetu sote."

"Sina mchoro."

"Basi tutumie hesabu ya matundu."

"Sina hesabu."

Ni kweli, sina. Mama yangu hakunifundisha kuhesabu matundu, alinifundisha kuyasali. Kila neno la sala ni tundu moja kwenye sindano. Ukifika Amina, mstari umeisha, unageuza kazi na kuanza tena. Shuka la kitanda kizima ni sala isiyo na mwisho, na ndiyo maana sikuwahi kuwa na muda wa kumsengenya mtu nikiwa nafuma, ingawa Dorika atakataa.

"Basi tuma sauti," akasema Dorika. "Kila mtu atasikiliza."

Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na kama nafanya jambo nalifanya kwa heshima. Nikavaa kitenge kizuri, ingawa sauti haivai. Nikafunga mlango wa chumbani ili Diwani na wake zake wasinitie aibu. Nikajifunika blanketi kichwani, nikabonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, nikaongea taratibu kama msomaji wa masomo kanisani: "Tumsifu Yesu Kristo. Salamu kwenu nyote. Uzi ni mweupe, sindano za kawaida. Mnasali sala yenu, kila neno tundu moja, mkifika Amina mnageuza. Endeleeni hivyo mpaka kipande kiwe mraba. Ahsanteni." Nikatoka chini ya blanketi nikiwa nimelowa jasho.

Baada ya siku chache picha zikaanza kuingia. Vipande vilikuwa vyeupe, vinapendeza, na vyote vilikuwa sawasawa kabisa. Nilifurahi sana. Sikujua, mimi mtu mzima wa kufuma maisha yangu yote, kwamba kwenye simu kila kitu kina ukubwa wa simu.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Ua sikuliona kwenye kipande chochote, hata cha Dorika mwenyewe. Nikamuuliza. Akasema ni kamera.

Siku moja kabla ya send-off wakafika. Sikutegemea wengi vile. Walishuka na mabegi, wakaamkiana, wakakumbatiana na kuulizana "kumbe ndiye wewe?", maana walikuwa wanajuana kwa picha za maua tu. Tukatandika mikeka uani, kila mtu akatoa kipande chake. Mimi nikavuta kiti karibu.

Cha kwanza alikitoa Hosiana, mlokole wa Kahama. Alikitoa kwenye begi, akaendelea kukitoa, akaomba msaidizi, wakakitoa wawili. Kilifunika mikeka miwili na mtu mmoja aliyekuwa amekaa.

"Hosiana, mama," nikasema, "nilisema mraba."

"Ni mraba," akajibu. "Ila mimi nikianza kuomba, mama, Roho hunichukua. Mstari wa kwanza nilifika Amina uzi ulikuwa umeisha dukani."

Cha pili kilikuwa cha Festo. Huyo ni mchimbaji mdogo wa Bugarama, mwanamume mwenye mabega kama kabati, alijifunza kufuma akisubiri maji yavutwe kutoka duarani, ndani ya shimo la dhahabu. Cha kwake kilikuwa na upana wa vidole vitatu na urefu wa kamba ya kisima. Alikuwa amekizungusha kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama. Sala yetu kule ni fupi," akasema huku akikwangua ardhi kwa kiatu. "Mungu toa mawe mazuri Amina. Matundu matano. Shimo halitaki maneno mengi. Nikaona huu mraba haufiki, nikaongeza, nikaongeza."

Mwamini wa Tinde, Mwislamu, alikuwa amesoma Fatiha, na kipande chake kilikaa vizuri kuliko vya wengi, safi, kinyoofu, ila hakikulingana na cha mtu yeyote mwingine pale. Bibi Mageni wa Didia hana dini ya kanisani wala ya msikitini. Yeye alikuwa ametaja mababu wa ukoo wake wote, mstari kwa mstari, na kila alipomkumbuka mwingine aliyemsahau alimwongeza. Kipande kilianza chembamba kikapanuka kama sketi.

"Huku chini ndiko walikooa wake wengi," akaeleza. Kisha akatabasamu kwa meno yake mawili, akanishukuru kwa Kisukuma, akiniita mwanangu: "Wabeja sana kwa kunialika, ng'wanone."

Na mwalimu mmoja wa shule ya awali alikuwa amesali sala ya kabla ya uji. Kipande chake kilitosha kufunikia kikombe.

"Mimi nilisema nini?" nikafoka. "Kuna mtu hata mmoja aliyesikia nilichosema?"

Dorika akachomoa simu, akaicheza ile sauti yangu kwa nguvu zote. Uani pakasikika mimi, mpole, wa chini ya blanketi: mnasali sala yenu. Sala yenu. Watu wakanitazama. Barazani kwangu hapakuwahi kuwa na haja ya kutaja ni sala gani, tulikuwa wa jumuiya moja, wote Salamu Maria. Sikufikiria kamwe kwamba sala ina watu wengi hivyo.

Niliingia ndani nikajifungia. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa huzuni. Nilimwona Loveness akifika Geita na mablanketi ya dukani yenye picha ya simba, na wakwe wakisema mama yake hakuwa na chochote cha kumpa. Dorika akanifuata, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea kwa sauti ya chini.

"Wifi, njoo useme neno lako. Mimi mwenyewe nitafumua."

"Muda wa kufumua hakuna," nikasema. Sikuwahi kutamka maneno hayo maishani.

Basi tukaunganisha. Nilikaa kwenye kiti changu na plasta yangu, nikaelekeza kwa kidevu. Cha Hosiana kikawa mwili wa shuka. Tukakikunja pembe, tukamweka Mwamini kulia na mababu wa Bibi Mageni miguuni, wapate nafasi ya kupanuka. Kamba ya Festo ikazunguka shuka zima ikawa pindo, ikazunguka tena, na bado ikabaki. Kipande cha uji kikaziba pengo la pembeni. Baraza ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Walibishana, wakacheka, wakaomba mkasi, na mimi nikajikuta namwambia Festo fumua kwa furaha kubwa, naye akafumua bila kuninunia. Kundini wangenitoa.

Dorika alikuwa amesali Salamu Maria neno kwa neno, na kipande chake kilikuwa na ukubwa sahihi. Lakini nilipokishika nikakigeuza, ua halikuwepo. Mistari ilikuwa imepanda moja kwa moja kama ukuta. Haikuwa kamera.

"Nimesali yote, sikuruka neno," akaapa.

Tukaacha pengo moja katikati ya shuka. Kipande cha katikati lazima kiwe mkono wa mama, plasta au bila plasta.

Asubuhi ya send-off ilianza na msiba mdogo: Diwani alichinjwa kwa ajili ya wakwe. Sitasema nilihuzunika. Kuku waliobaki wakafungiwa bandani wasichafue turubai. Wakwe wakafika mchana wakiongozwa na Mama Ansgar, mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu wa kanisa la AIC mwenye macho ya kukagua gunia la mchele. Akaliona shuka limetandazwa mezani. Akalizunguka mara moja.

"Mkwe, hili shimo ni la nini?" akauliza.

"Ni langu, mkwe. Nalimalizia."

"Sisi tutaondoka jua likiwa bado liko juu. Barabara si nzuri." Akakaa.

Nikaketi mbele ya watu wote. Sindano moja nikaichomeka ndani ya plasta, katikati ya gamba na mkono, ikakaa imara kabisa. Ya pili nikaishika kwa kushoto. Ilifanya kazi! Msema-chochote, yaani MC wa shughuli, kwa kuona watu wamenyamaza, akaniwekea kipaza sauti mdomoni bila ruhusa yangu. Nikaona aibu, nikasali kwa sauti safi ya kanisani: Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Mstari baada ya mstari. Sahani zikakusanywa. Mstari mwingine. Mama Ansgar akatazama jua.

Na ua halikuja. Nikaangalia chini nikaona ukuta ule ule wa Dorika. Mkono wangu mwenyewe, sala ya mama yangu mwenyewe, na hakuna ua. Nikaanza upya, machozi yakaniangukia kwenye uzi. Nikafikiri limekufa. Nikafikiri nimelipoteza mimi, katika mikono yangu, siku ya mwanangu.

Loveness akasimama kwenye kiti chake cha maua. Akaja na gauni lake lote, akapiga magoti kando yangu, akaangalia kazi.

"Mama," akasema taratibu, lakini kipaza sauti kilisikia, "umesahau kuku."

"Kuku gani?"

"Anza."

Nikaanza. "Salamu Maria, umejaa neema—"

"Shii!" akasema Loveness. "Tundu moja. Endelea."

Nikaendelea mpaka "utuombee sisi wakosefu".

"Toka jikoni!" akasema. "Matundu mawili, mama. Unasema hivyo siku zote. Tangu niko mgongoni mwako unasema hivyo."

Watu waliangua kicheko mpaka turubai likatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa namsikia mama yangu, kwenye baraza nyingine, na kuku wengine kabisa waliokwisha kuliwa miaka mingi: umejaa neema, shii, Bwana yu nawe. Sala niliyorithi ilikuwa na kuku ndani, na mimi nilidhani naisali tupu. Barazani wanafunzi wangu wote walifuma na kuku bila kujua, kwa sababu ndivyo walivyonisikia. Kwenye simu nilijifungia chumbani, nikawatumia sala iliyooga.

Nikafuma. Mstari mmoja ukasogea, wa pili ukasogea zaidi, na ua likaanza kujikunja kwa upande na pozi lake lile lile. Msema-chochote akashika zamu: kila nilipofika neema, ua mzima wa nyumba ulijibu shii. Hosiana alisema shii kwa mikono juu. Mwamini alisema shii, Bibi Mageni akasema shii na kutazama kama kuna aliyetoka. Kuku bandani wakachanganyikiwa. Mstari wa mwisho nilipofika wakosefu, aliyewahi kupaza sauti kuliko wote, kwa sauti ya mtu mwenye kuku wake nyumbani, alikuwa Mama Ansgar.

"Toka jikoni!" Akajishika mdomo.

Nikashona kipande katikati. Loveness alifunikwa shuka lake mabegani, likaburuta mpaka kwenye gari, na mwisho wa kamba ya Festo ulibaki nje ya mlango ukipepea mpaka walipopotea.

Mama Ansgar kabla ya kupanda aliniita pembeni. Nilidhani anataka kukosoa pindo. Akanipa simu yake. "Mkwe, niungeni na mimi kundini."

Sasa Dorika amenifanya msimamizi wa kundi. Kila Jumamosi natuma sauti nikiwa barazani, mlango wazi, kuku wote wapo. Wanaotaka kuja wanakuja, na viti havitoshi. Neno fumua limeruhusiwa, ila kwa kura Dorika ameniwekea sharti nilifuatishe na "mpenzi".

Wiki iliyopita Loveness alituma sauti kundini kutoka Geita, ameanza kufuma kitu kidogo, hakusema cha nani. Niliisikiliza nikiwa peke yangu. Anasali taratibu, sindano zinagongana: umejaa neema, shii, Bwana yu nawe. Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba wamepanga vyumba viwili mjini, ghorofani, na huko kwake hakuna kuku hata mmoja.